Kitambaa cha Ndani ya Kaske

Bauma amepiga kiki mara tatu, moshi umenipita usoni,
nami bado nimesimama chini.
Kaske ya abiria inaning'inia kwenye usukani
kama sufuria ya nyumba iliyohamwa.
"Panda, Mama Nsimire. Ndosho si safari. Ni karibu."

Karibu.
Neno hilo nalijua. Ndilo alilolisema yule kijana
aliyempakia Kavira, mwanafunzi wangu wa cherehani,
na nyuma ya Kavira mtu mwingine na gunia lake la makaa.
Perimi hana, plaki ameipaka tope kwa mkono wake mwenyewe.
Kutoka Birere mpaka Katindo, vichwa vitatu bila kofia.
Na kweli palikuwa karibu:
jiwe moja la volkano, si kubwa, kama mkate wa asubuhi,
lilikuwa likingoja pale konani
tangu mwaka mlima ulipotapika.

Kavira hakufa. Naanza na hilo, maana ndilo mnaloniuliza.
Yuko kwa dada yake.
Vidole vyake vinakumbuka kutarizi tundu la kifungo,
yeye hakumbuki kifungo kinaitwaje.
Mimi ananiita "wewe wa mashine."
Nikifika ananikaribisha, tunakaa, tunanyamaza kidogo,
kisha anageuka, ananiona upya, uso unamwangaza:
karibu!
Mara nne kwa saa moja.
Nami mara nne nasimama mlangoni, naingia, naketi.

Kwenye kituo cha pikipiki waliniambia,
"Mama, ajali haina kinga."
Nikawajibu: ajali haina, kichwa kinayo,
mmekitundika kwenye usukani.
Wakacheka. Mmoja hakucheka.

Basi niliuliza abiria, mmoja mmoja, vumbi likiniingia mdomoni.
Huyu: inanuka jasho la watu.
Yule: nimesuka jana, saa sita nimekaa kitini, niziponde nywele?
Chawa. Upele. Joto.
Mzee mmoja mwenye tai: itanifanya nifanane na wao.
Sikuwa na jibu la mzee.
La jasho nililo nalo, liko chini ya meza yangu,
vipande vya vitenge, mabaki ya magauni ya harusi.
Nikakata duara, nikapitisha lastiki.
Kofia laini ya kuvaa ndani, ya mtu peke yake,
anaifua kwa sabuni yake, anaiweka mfukoni mwake.
Ya kwanza alinunua mwalimu.
Ya pili muuza sambaza, akatia fedha ndani, akafunga fundo.
Sawa. Itamfikia kichwani siku nyingine.

Bauma ana karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni, kifuani:
perimi, asiransi, kadi ya pikipiki. Jile yake ina namba, inasomeka.
Abiria wa pili hapakii, mtoto hamweki juu ya tangi.
Lakini kaske yake huivaa akiukaribia mzunguko wa Signers,
akishampita polisi anaivua,
kana kwamba barabara ina macho hapo tu.
Nikamwambia: polisi ana zamu, Bauma. Saa kumi na mbili anaenda kula.
Jiwe halina zamu.

Ameizima pikipiki sasa. Anatazama ziwa, hasemi.
Kisha anaishusha ile sufuria,
anaifuta kwa kiwiko, ananipa kwa mikono miwili.
Ya kwake ameshaivaa.

Navaa kwanza kitambaa, cha njano, bitana ya gauni
ambalo Kavira alilikata akaliacha nusu.
Ndani ya kitenge nina suruali: sikai ubavu tena kama mzigo,
mguu huku, mguu huku, mkono kwenye chuma.
Chini ya kidevu, sauti ndogo: ta.

Polepole penye mawe, Bauma. Tusifike upesi. Tufike.
Kuna mtu ananingoja bila kujua ananingoja,
na ana neno moja la kuniambia.