Vifungo Saba

Hukulipwa hata peso moja, Nolberto.
Hapa Valparaíso wazimamoto ni watu wa kujitolea:
kila mwezi ulitoa ada mfukoni mwako
upate ruhusa ya kukimbilia
kule wengine wanakokimbia.
Nilikuwa nakutania: mume wangu analipia kuungua.
Sikutanii tena.

Februari, mikaratusi ya bondeni ilishika,
upepo ukaupandisha moto ngazi kwa ngazi
hadi nyumba za mabati za Mariposas.
Paa lilikushukia mpira wa maji ukiwa mkononi.
Mikono ndiyo iliyolipa.

Wanasema dawa ya moto ni moto.
Aliyesema hakuwahi kukaa nje ya wodi saa nane usiku
akingoja habari za ngozi
iliyobanduliwa pajani, ikapandikizwa viganjani,
mfano wa mche usiojua iwapo utashika.

Ulirudi na glavu za kubana, rangi ya chai ya maziwa,
za kuvaliwa saa ishirini na tatu kila siku.
Saa moja iliyobaki ilikuwa yetu.
Mama yako alipasha mafuta kiganjani,
mimi nikakunja kidole, nikakikunjua, nikahesabu hadi thelathini;
wewe ukakodolea dari, ukataja vituo vya treni ya Limache
kimoja kimoja, ili usinitukane.
El Salto, ulistahimili. Quilpué, ulistahimili.
Villa Alemana ulinitukana.

Na muwasho. Hakuna aliyetuonya juu ya muwasho.
Rayén, miaka sita, alikupepea kwa daftari la hesabu
mpaka usingizi ukamchukua yeye.

Wiki hiyohiyo shuleni walimfundisha kufunga kamba za viatu.
Mkaketi sakafuni wawili, kila mtu na kiatu chake,
ndimi nje, kimya cha watahiniwa.
Alikushinda. Hakuringa.
"Baba," akasema, "tuanze na kitanzi kikubwa."
Ukaenda bafuni, ukafungulia maji
ili tusikusikie.
Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Tulikusikia.

Kikosini, kila Alhamisi ya kwanza, huita majina.
Hata waliofia kazini huitwa,
na wenzao huwajibia kwa sauti moja: Yupo!
Kaka yako Eleuterio akaja anang'aa:
"Leo wamekuita, tukakujibia sote!"
Nikaitua sufuria kwa kishindo.
Wafu ndio wa kujibiwa na watu.
Huyu yuko hapa, anakula dengu,
anazimwaga nusu, lakini anakula.

Hukusema kitu.
Usiku nilikuta taa inawaka,
koti la gwaride limelala magotini mwako,
vifungo saba vya shaba.
Kifungo cha koti, kifungo cha jela:
sikuwahi kujiuliza kwa nini vina jina moja.
Cha kwanza, dakika kumi na moja.
Sikukusaidia. Sijafanya kazi ngumu kuliko ile,
kusimama mlangoni gizani,
vidole vyangu kumi vizima, mifukoni.

Oktoba tulikaa benchi la nyuma, mimi na Rayén.
"Arancibia, Nolberto."
Kimya.
Niliviona vifua vya wanaume vikijaa pumzi kukujibia,
na Rayén akiwageukia kwa jicho la mwalimu mkuu.
Vifungo sita vilikuwa vimefungwa.
Cha saba, cha shingoni, kilikuwa wazi;
ulikataa katakata nisikiguse.
"Nipo," ukasema.
Hukupaza sauti. Mtu wa mstari wa tatu alikohoa
na nusu ya neno ikapotea.

Nyumbani ulisimama mbele yangu, kidevu juu.
"Haya, nivue."
Nikavifungua vyote sita kabla birika halijachemka.
Ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto:
"Mnaringa nyie, wenye vidole."