Usiku Saba

Ratiba hutoka tarehe ishirini na tano.
Ntahondi huisoma kabla yangu,
kwa kidole chenye grisi, akiacha alama
kwenye siku nitakazolala nyumbani.
Kumi na moja, anasema. Mwezi uliopita zilikuwa tisa.

Tukihamia Dar zingekuwa kumi na nane.
Nimezipiga hesabu mara tatu, kama ninavyopiga ya mafuta:
kumi na nane toa kumi na moja, saba.
Usiku saba. Basi hiyo ndiyo bei ya nyumba ya Gungu,
na karakana ya injini za boti pale Kibirizi,
na michikichi miwili tuliyoipanda mapacha walipozaliwa,
ambayo mwakani, Mungu akipenda, itaanza kuzaa.

Kampuni haigombi. Inaandika tu:
rubani aishi dakika tisini kutoka kituoni.
Dakika tisini kutoka hapa mtu hafiki hata Kasulu
kama atasimama kununua mahindi.

Kwa hiyo nakodi kitanda Kipawa.
Vitanda vinne, marubani sita;
godoro halipati kupoa.
Kwenye friji kila kitu kina mwenyewe:
MAZIWA YA MALISA. USIGUSE.
Naamka saa nane usiku kwa kengele isiyo yangu.

Na kurudi si kurudi. Tiketi ya mfanyakazi
ni ruhusa ya kusubiri mwenye nauli akose.
Jumanne ile nilisimama na begi mpaka mlango ukafungwa;
kiti cha mwisho alipewa mzee wa Ujiji mwenye bandeji jichoni.
Nilifurahi kwa ajili yake,
kisha nikaenda msalani nikalia,
mistari ya dhahabu ikitetemeka mabegani.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine.
Kuna siku ndege ya Kigoma naiendesha mimi.
Tunashuka, ziwa linafunguka, milima ya Kongo ng'ambo,
halafu upande wangu, kwa sekunde kumi na moja,
bati la buluu. La kwetu. Naona kamba.
Naona nguo kwenye kamba.
Mikono iko kazini, siwezi kupunga.

Ardhini tuna dakika arobaini.
Naizunguka ndege, nachungulia matairi,
na nyuma ya uzio wamesimama watatu:
Ntahondi na migebuka ndani ya foili,
Bukuru juu ya mabega yake,
Butoyi ameng'ang'ania waya.
Mlinzi anaipokea foili, anavuka nayo kama barua.
"Mama!" Butoyi anapaza sauti. "Leo unakuja, au unapita?"

Nilipanda ngazi.
Kapteni akauliza ni nini kinanukia.

Juzi Ntahondi alikuwa akifuta spana,
akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa:
Dar nako kuna boti.
Nikasema, usiuze kitu.
Akasema, sijauza. Nimeuliza bei tu.
Ndani, mama yake alikuwa akiwafundisha mapacha salamu,
mwakeye, mwakeye,
nao wakimjibu shikamoo kwa makusudi, wakivunjika kwa kicheko.

Leo ni tarehe ishirini na nne.
Fomu iko mezani, imekandamizwa kwa chupa ya mawese
upepo usije ukaamua kwa niaba yetu.
Nimejaza jina, namba ya leseni, kituo.
Penye makazi niliandika Gungu kwa penseli,
nikafuta, nikaandika, nikafuta,
karatasi ikachubuka.

Kesho zikipungua kumi, nimemwambia, tunafunga virago.
Sawa, akasema. Upesi mno.
Kisha akachukua ndoo, akatoka gizani
kwenda kuimwagilia michikichi,
na mvua ilikuwa imenyesha kutwa.