Daftari la Madeni

Mie huuza unga hapa Micheweni.
Sina elimu ya dunia ila hii ya mizani:
jiwe upande huu, njaa upande ule,
na kalamu ya risasi sikioni.
Ukurasa wa Time: mtama, kilo mbili.
Ukurasa wa Kombo: nusu, atalipa karafuu zikichumwa.
Ukurasa wa Bikame: robo.
Robo tu, na watoto sita
wamesimama nyuma ya jina lake.

Mwaka ule bahari ilipanda bondeni
ikaketi majarubani kama mgeni
asiyeulizwa ataondoka lini.
Mpunga ukageuka mwekundu,
kisha pakabaki chumvi.

Ndipo akafariki Faki wa Mihogoni
(kijiji kilichopewa jina la muhogo,
na bado twaona haya kuula mbele ya wageni)
na wanaume tukakaa barazani kupanga hitima.

"Ng'ombe," akasema Shaame, nduguye marehemu.
"Watu hawendi hitima kula dua kavu."

Na ng'ombe yupo, kafungwa mkunguni,
dume la rangi ya tende,
anacheua pumba nilizouza mwenyewe,
anakunywa ndoo nne kwa siku
za kisima tunachokipangia foleni tangu alfajiri.

Eda humweka mtu nyuma ya pazia,
haimfungi ulimi.
"Huyo ng'ombe ni wangu," ikaja sauti ya Mize,
"nilimnunua kwa karafuu zangu.
Muulizeni mwenye duka kala nini."

Wakanigeukia.
Nikafungua daftari, nikasoma:
pumba, gunia kumi na tisa.
Mahindi mabovu, gunia tatu.
Mabovu kwa jina,
maana Bikame aliyaomba yaleyale
nikamwambia yameshauzwa.
Hapo nilikohoa.

"Basi tumemlisha mwaka mzima
chakula cha kijiji,
ili kijiji kile siku moja?"

"Shemegi, tutatiwa midomoni!"

"Kutiwa midomoni ni bure, Shaame.
Cha kutia mdomoni ndicho ghali."

Dume likaondoka na mchuuzi wa Konde,
halikugeuka nyuma.
Siku ya hitima moshi wa makumbi ulitanda mapema:
shelisheli zimelowa tui,
kunde zimeiva hata zikasahau umbo lake,
kisamvu kilichotwangwa mpaka mchi ukaomba radhi,
majimbi, mbaazi,
mikate ya mofa ya mtama inayovunjika kwa sauti.

"Hitima ya majani," akanong'ona mmoja,
huku anasukuma sahani aongezwe.
Shaame hakusema kitu. Alilamba vidole,
kisha akavitazama, kama vimemsaliti.

Jioni akaja dukani Mbarouk, mtoto wa Mize,
na bahasha iliyonuka bizari.
"Mama kasema ufungue ukurasa wa Bikame."
Nikaufungua. Nikakata.
"Na wa Time." Nikakata.
"Na wa Kombo, na yule wa nyumba ya bati,
na yule asiyependa atajwe."
Kurasa saba, hata kalamu ikabaki kipande cha kucha.

Sikwambii nyama ni haramu, hasha.
Idd ikija nami hula, na mfupa nitauvunja.
Lakini tangu siku ile
mtu akija kununua pumba
naona mizani imebeba vinywa viwili,
na kimoja hakina pembe.

Bahari bado imekaa bondeni.
Mize katoka eda, kapanda muhogo juu kilimani,
kunde katikati ya matuta ziushike udongo.
Usiku shelisheli la Faki huangusha tunda
juu ya bati, puu!
kijiji kizima husikia
kesho nani atakula.

Nami nimefungua ukurasa mpya, wa mwisho,
nikaandika juu yake jina langu.
Chini yake: mahindi, gunia tatu.

Sijakata.