Mama Yake Yuko Wapi?

Kwanza tulikwenda Mabela, nyuma ya gereji,
kwa mtu aliyetutumia picha saa nne za usiku.
Akafungua buti la gari.
Watoto watano wa mbwa ndani ya kasha la ndizi,
joto la Juni limewalaza kama soksi mbichi.
"Saluki safi. Riali mia mbili.
Kwa ajili yenu, mia na hamsini."
Tahani, miaka tisa, akauliza swali moja tu:
"Mama yake yuko wapi?"
Mtu akatazama simu.
Yuko shamba. Yuko Sohari. Kapelekwa kwa daktari.
Mama mwenye makao matatu kwa dakika moja.
Tuliondoka mikono mitupu,
na mwanangu akalia mpaka Khudhi,
akiwahesabu wale watano kwa vidole,
kila kidole akikipa jina.

Wiki ya pili, Barka:
shamba la mitende, lango la bati,
kubweka kunakoanza kabla hujazima gari.
Mama yangu, Bi Shinuna, kakataa kushuka.
"Akinilamba, maji mara saba na udongo
utaniletea wewe?"
Akabaki garini na kiyoyozi chake, dirisha wazi kidogo.

Ghaniya, mwenye kituo, mikono yote mikwaruzo,
alitukalisha kwenye viti vya plastiki
akatuhoji sisi.
Mchana nani yuko nyumbani?
Agosti mkienda Unguja, mtamwachia nani?
Umeme ukikatika?
Sakafu ya uani mmeikanyaga pekupeku saa saba?
Akitafuna kiatu cha mgeni?
Akizeeka?
Hapo nikanyamaza.
Nilikuja kutafuta kitoto,
sikuwa nimemfikiria mzee.

Mlango wa gari ukalia.
Mama anakuja, buibui kaliinua juu ya vumbi,
na anasema Kiswahili, makusudi:
"Maswali haya nayajua.
Sabini na moja, nimeshuka na sanduku moja,
afisa na wino wake:
Ukoo gani? Nani anakujua? Babu yako wa kijiji gani?
Wete nilikozaliwa haikuwa jibu.
Siku tatu nimelikalia sanduku
nikingoja mtu aje aseme, huyu wetu."

Ghaniya akaweka kalamu chini.
"Bibi yangu alikuwa wa Chake," akasema,
Kiswahili chake kina kutu, lakini kinakata.
Kisha akatuonyesha bandani.

Hakuwa saluki. Mbwa wa wadi,
rangi ya halua iliyoungulia chini ya sufuria,
sikio moja limesimama, la pili halijaamua.
Tahani akafungua mdomo kuuliza,
na Ghaniya akamwahi:
"Mama yake yule pale, chini ya mkunazi.
Aliwahamisha wanne mdomoni, mmoja mmoja,
maji ya mvua yakimfuata.
Tumemfunga kizazi. Yeye hatoki hapa."
Jike lilitutazama. Halikubweka.
Lilitutazama sana.

Tulipewa kadi ya chanjo, tarehe ya kurudi,
na karatasi ya kutia saini:
tukishindwa, tumrudishe hapa,
si barabarani, si kwa jirani, si jangwani.
Riali thelathini na tano.
Nilijiona nimepunjiwa bei, kisha nikaona haya.

Usiku wa kwanza alilia kwenye chumba cha kufulia.
Mama akatoa kiti, akakaa hatua mbili mbali naye,
kopo la udongo kando yake kwa tahadhari,
akamtajia vijiji vya Pemba:
Kojani, Konde, Kiuyu, Mzambarauni.
Usiku wa pili vilevile.
Wa tatu, nilipoamka kwa Alfajiri,
walikuwa wamelala wote wawili, hatua moja.

Asubuhi kandambili mlangoni imeliwa kisigino.
Tahani mbio, macho makubwa:
"Bibi, katafuna kiatu cha mgeni!"
Mama akakiokota kwa ncha ya kidole,
akakigeuza, akakivaa vivyo hivyo.
"Changu hiki," akasema.
"Mie si mgeni."