Nyayo za Sisimizi

Baba alianza kupotea kwenye daftari.
Mkono ulikuja baadaye sana,
siku kijiko kilipogongagonga kisahani mbele ya wageni,
naye akacheka, akasema kahawa ya Ljubljana ina nguvu.

Daftari la mizinga, jalada la kijani, mwaka 1998:
herufi kubwa, zimekaa kama waumini kwenye benchi la kanisa.
"Mzinga wa saba. Malkia mpya. Wakali."
Mwaka 2006 waumini wamesogeleana.
2011, natafuta miwani.
2014 mstari unaanza umesimama wima,
ukifika ukingoni ni nyayo za sisimizi.
Nani husoma kimo cha herufi?
Sisi tulisoma ndoo ngapi, kilo ngapi, deni la nani.

Kisha pua.
Alinipa chupa ya asali ya misonobari, akauliza, hii ni ipi?
Nikadhani ananipima, kama utotoni, macho nimefumba.
Hakuwa ananipima.

Na usiku. Mama alihamia chumba cha cherehani,
akasema baba anakoroma.
Uongo wa heshima. Baba alikuwa akipigana usingizini
na dubu aliyekuja kuvunja mizinga,
na mama alitembea na shali begani hadi Julai
juu ya alama ya ngumi.

Na tumbo, habari ambayo mzee wa Bohinj
hamwambii hata padri:
siku tano, siku sita, plamu kavu kwenye glasi ya maji.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo,
lakini haya yalipita moja moja,
miaka kati ya wingu na wingu,
na kila tulipoinua macho tuliona anga.

Daktari Hribernik alimwomba atembee ukumbini, arudi.
Akautazama mkono wa kushoto, ambao haukupunga.
"Gonganisha gumba na kidole cha shahada, haraka,
kama ndege anadonoa."
Ndege alidonoa mara nne, akachoka.
"Pakinsoni," akasema, bila kushusha sauti.
Akaeleza chembe za ubongo zitengenezazo dopamini,
kwamba mkono unapoanza kutetemeka
nyingi zimeshatoweka.
Baba akauliza swali la mfuga nyuki:
"Zimekufa, au zimehama?"
"Zimekufa. Kwa nini hasa, bado tunatafuta."

Basi wakatafuta na kwake.
Kipande cha ngozi ya shingo, kadiri ya punje ya dengu,
waone kama imo protini iliyokunjika vibaya.
Karatasi za kukwaruza na kunusa:
sabuni, kitunguu, ndizi. Akabahatisha zote, akakosa zote
isipokuwa petroli.
Kijana mmoja, Tadej, mwenye viatu vya mvua,
akauliza kama yapo maandishi ya zamani.
Baba akabeba madaftari kumi na moja ndani ya kreti ya asali.
Wakapima herufi kwa mashine, moja moja.

"Sitaki kukudanganya," Tadej akamwambia.
"Haya hayatakusaidia wewe. Labda mtu
ambaye kijiko chake bado kimetulia."
Baba akaitikia kwa kichwa.
"Nyuki wa Julai," akasema, "hawaishi kuila asali ya Januari."
Kisha akadai kreti yake irudishwe.

Sasa ni vidonge vya njano, mara tatu kwa siku,
nusu saa kabla ya jibini, jambo linalomuudhi kuliko ugonjwa.
Kwa saa mbili anafunga vifungo vya shati mwenyewe.
Kisha hawezi. Kisha anaweza.
Mama amerudi kitandani, na mto katikati.

Mwalimu wa mazoezi anamwambia, andika kubwa, bwana Jernej,
kama unamwita mtu ng'ambo ya ziwa.
Jana aliandika: MZINGA WA SABA,
herufi zimejaa nusu ya ukurasa,
halafu "malkia",
halafu neno jingine dogo sana.
Nimelipeleka dirishani, nikalisogeza, nikalirudisha.
Nimemuuliza.
Amelitazama muda mrefu naye, akaniambia nifunge mlango,
baridi inaingia.