Herufi Mia

Siyu, saa nne asubuhi. Kishikwambi kina chaji ya nusu,
na fulana niliyopewa na mradi ina picha ya kiganja kinachobeba mtoto.
Nyumba ya thelathini na moja.
"Ndoo, keti," asema Khuleta binti Shekuwe,
akivuta ukili wake kando ya mkeka.
"Weye ni wa nne kuja kuniuliza.
Wa kwanza alipima mkono wa mwanangu kwa utepe wa rangi tatu.
Wa pili alipima chumvi yangu.
Wa tatu alitaka kujua kama nina choo.
Hakuna aliyerudi kuniambia alichokiona."

Nasoma fomu ya ridhaa. Neno "hiari" limo mara sita.
Anatia dole gumba kabla sijafika mwisho.

Umbali hadi kituo cha kujifungulia, kwa kilomita?
"Maji yakijaa, au yakipwa?"
Tarakimu moja tu, mama.
"Basi tarakimu yako haijui mwezi.
Yakipwa, mkono wetu wa bahari hubaki tope na mizizi ya mikoko,
na boti hulala ubavu kama mbuzi mgonjwa."
Naandika tisa. Nimekisia. Kishikwambi kinakubali.

Umezaa mara ngapi? "Sita."
Walio hai? "Wanne."
Umri wa waliofariki, kwa siku?
"Mmoja, siku mia na tatu. Surua."
Na mwingine?
Mkono unarudi kwenye ukili,
unasuka pindi tatu, unafumua mbili.
"Hakufikisha siku."

Nabonyeza sifuri, na swali jingine linachomoza:
Je, alilia? Ndiyo. Hapana. Sijui.
"Hakulia. Alipumua.
Tumekwama, nahodha kazima injini kubania petroli,
Bi Mwanate mkunga kaibana simu kwa meno, tochi inawaka,
wanaume wote wamegeuzia nyuso mikoko.
Maji yalirudi saa mbili, kama kawaida yake.
Mtoto alikwisha tangulia."

Kwenye mafunzo, Malindi, siku tatu na chai ya saa nne,
tuliambiwa: usilie mbele ya mhojiwa,
usimshauri, usimwongezee neno.
Hatukuambiwa aliyepumua bila kulia ni namba gani.
Nabonyeza "sijui".
"Umeandika nini hapo?"
Sijui, namwambia. Nimeandika sijui.
"Mimi najua. Nilikuwapo."

Narudi nyuma. Nafuta.

Swali la mwisho: maoni mengine.
Herufi mia, nafasi na nukta zikiwemo.
Nangoja aseme gati, dawa, nesi,
kama nyumba thelathini zilizotangulia.
Khuleta anakohoa, ananyoosha mgongo,
vidole vinahesabu mizani kwenye goti:

*Andika niliyosema,*
*si idadi, mimi mama;*
*maji hayana huruma,*
*yalipwa nami nazaa.*

*Mwanangu alipumuwa*
*hadi limepanda juwa,*
*Mola akamchukuwa:*
*naye mtilie saa.*

Kishikwambi kimepokea "h" moja ya "hadi", kisha kikafunga mlango.
Naifuta ile h, ibaki *alipumuwa*
iwe ndiyo neno la mwisho watakaloliona
huko ofisini, wakifika safu ya thelathini na moja,
ikiwa watafika.

Mistari mitatu iliyobaki naiandika kwa kalamu
nyuma ya fomu ya ridhaa,
mahali wino wa dole gumba lake umepenya karatasi.
Nauliza saa. Ananitajia, na dakika zake.
Naandika.

"Sasa nisomee."
Namsomea, polepole, sauti yangu si yangu.
Ananikata katikati:
"*Chukuwa*, mwanangu, si *chukua*.
Usinivunjie kina."