Uzi wa Ghuba ya Rupert

Meli ilikuja Jumanne, ikasimama mbali
kama mgeni asiyebisha hodi, ikatema uzi wake.
Vijana wa Half Tree Hollow waliupokea majini, mashati wamevua,
wakauvuta hadi nchi kavu: mnene kama mpira wa kumwagilia bustani,
na ndani yake, alisema fundi, vioo
vyembamba kushinda unywele wa mtoto.
Nilikwenda kuugusa. Ulikuwa baridi. Mwanga sikuuona.

Mama yangu alisokota kitani katika kinu cha mlimani,
kamba za kufungia mafurushi ya posta ya Uingereza.
Kidole gumba chake kilikuwa kigumu kama kwato.
Kisha mwaka mmoja posta ikapenda nailoni.
Vinu vikanyamaza, wanaume wakapanda meli,
kitani kikabaki vilimani kikijiotea, hakina mwenyewe.

Barua za watu tulizifunga sisi.
Zetu zilichelewa.

Halafu mtandao ukaja kwa setilaiti,
tukiununua kama dawa, kijiko kwa kijiko.
Nikimwuliza Derrol, huko Falklandi, "Umekula?"
swali lilipanda mbinguni, likashuka, likapanda tena,
uso wake ukaganda mraba mraba, shuka la viraka.
"Nimekula, Ma." Sauti ilitangulia midomo.
Katika mwanya ule
uongo ulipata muda wa kuvaa viatu.

Jana usiku picha haikukwama.
Niliona mvuke wa chai yake.
Niliona mvi kidevuni, na arobaini hajaifikia.
Nikamwambia: kikombe kishike kwa mkono wa pili, nione.

Akanyamaza,
na safari hii kimya kilikuwa kimya,
hakikuwa mtandao.

Akauinua. Vidole vitatu.
"Mashine ya kukatia ngisi," alisema. "Mwezi wa Machi."
Sasa ni Novemba.

Mficha maradhi, ndivyo inavyoanza ile methali.
Sikuimalizia.

Ukutani jirani yangu Crowie anagonga kwa furaha:
mjukuu wake anatazama kandanda, dakika tisini, haijakatika hata mara moja!
Nami nimeketi mezani na mwanangu,
kati yetu giza la maji lisilo na kipimo
na uzi mmoja unaopita humo bila kuomba ruhusa.
Akaniuliza kama nimekasirika.
Nikamwambia chai yako inapoa.

Sikulia.
Angeniona.